Wanaitaje pale? Bodaboda, helmeti na databesi ya maktaba

Saa nane usiku, chumba cha hosteli nyuma ya Wandegeya, laptopu ya kuazima, bando imebaki kidogo, na mimi nimeandika kwenye kisanduku cha databesi ya maktaba, ile ya kutafutia makala za utafiti, swali langu la utafiti kama lilivyo kwenye proposo, yani lote, na Kiingereza chake cha tai na koti: "What are the factors influencing helmet use among boda boda riders in Kampala, Uganda?" Nikabonyeza. Sifuri. Nikasema labda netiweki imekata, nikabonyeza tena, sifuri. Nikatoa kile kiulizo cha mwisho nikidhani ndicho kinachoikwaza, sifuri vilevile, nikalala nikiamini kabisa kwamba duniani hakuna mtu aliyewahi kuandika habari za bodaboda na helmeti, na nisidanganye, kulikuwa na kafuraha fulani hapo ndani, kwamba basi mtaalamu nitakuwa mimi peke yangu.

Kesho yake nikahamia Google Scholar, ile Google ya makala za wasomi, nikabandika sentensi ileile. Huko nikapewa maelfu. Sasa furaha ya mtu aliyekosa jana unaijua, nikaanza kushusha PDF bila kusoma hata mstari, moja baada ya nyingine, mpaka bando ikakata nikiwa kwenye ya sitini na kitu. Na bando za kwetu si za kuchezea, tangu Julai 2021 data ina kodi yake ya asilimia 12 juu, kila PDF unayoshusha bure umeilipia. Asubuhi kufungua folda, mafaili yote yana majina kama namba ya injini, 1-s2.0-S halafu mkia wa tarakimu, sijui lipi ni lipi. Nikaanza kufungua moja moja. Helmeti za watoto wa baiskeli Australia. Helmeti za wachezaji wa hoki. Watu wanaoteleza kwenye theluji. Wanajeshi. Katika zote zile za Uganda zilikuwa tatu, na moja ilitaja Uganda kwenye sentensi moja tu.

Lakini nilikuwa na haraka, nikaandika sura ya pili na hizo hizo. Supavaiza wangu akairudisha baada ya wiki na kalamu nyekundu ukurasa wa kwanza, maneno machache tu, eti Afrika iko wapi hapa?

Niseme kidogo mimi ni nani ili mjue kwa nini iliniuma. Nimezaliwa Busia, upande wa Uganda, mji ambao mpaka unaupita katikati kama kisu kwenye mkate. Wazee wa kwetu ndio wanaokusimulia kwamba neno bodaboda lilizaliwa pale, miaka ya 60, vijana na baiskeli wanavusha watu na mizigo kutoka geti la nchi moja mpaka geti la nchi nyingine, wanaita "boda! boda!" kwa maana ya mpaka. Baadaye pikipiki zikaja, jina likabaki. Na mimi mwenyewe kabla ya masters niliendesha pikipiki miaka miwili nikitafuta ada. Sasa mtu wa Busia, mwanabodaboda, anaandika kuhusu bodaboda na sura nzima imejaa hoki. Aibu ile.

Nikaenda maktaba. Si kwenye kompyuta, nikaenda kwa mtu. Kuna mama mmoja anakaa dawati la msaada, wanafunzi wengi wanampita wanadhani kazi yake ni kuonyesha choo kiko wapi. Nilimsalimia kwa Kiingereza, akaisikia lafudhi, akanijibu kwa Kiswahili, kumbe ni mtu wa Arua, na watu wa West Nile Kiswahili wanacho tangu utoto. Nikamwambia Mama nimetafuta hakuna kitu. Akasema, "Kijana, funika hiyo laptopu kwanza." Akanipa karatasi, nyuma ya fomu ya zamani.

"Kabla ya hii shule ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naendesha boda, Mama."

"Vizuri. Mteja anakupigia simu anasema njoo unichukue, niko karibu na shule, kuna mti. Unafanya nini?"

"Namuuliza, pale wanaitaje?"

"Akisema jina usilolijua?"

"Nauliza wenzangu wa steji. Sehemu moja inaweza kuwa na majina matatu manne, kuna wanaotumia jina la baa iliyofungwa zamani, kuna wanaosema kwa fulani, na kuna jina la kwenye ramani ambalo hakuna mtu analitumia."

Akagonga karatasi na kidole. "Sasa huyu mashine ni boda mgeni. Hajui mti wako. Umpe majina yote."

Walahi nilikuwa nimeshaenda semina mbili za chuo kuhusu kutafuta makala, slaidi mia, na sikuelewa kitu mpaka hapo. Mashine haielewi swali lako, haijui unamaanisha nini, inachofanya ni kulinganisha maneno uliyoyaandika na maneno yaliyoko kwenye kichwa cha makala, kwenye ikisiri, yani ule muhtasari wa mwanzo, na kwenye lebo zilizobandikwa. Ukiiandikia sentensi ya maneno kumi na nne, databesi nyingi zinataka makala ambayo ina yale maneno yote, na "factors" na "influencing" na "among" ndani yake, nani atakuwa ameandika hivyo hivyo kama wewe? Ndio maana sifuri. Google Scholar yenyewe inalegeza masharti, inakuletea chochote kinachofanana fanana, ndio maana maelfu. Kosa ni lile lile, limekuja na nguo mbili.

Tukachora safu tatu kwenye karatasi. Ya kwanza, ile pikipiki. Ya pili, helmeti. Ya tatu, mahali. Maneno kama mambo yanayoathiri, matumizi, uhusiano, alinikataza kabisa, akasema hayo ni maneno ya supavaiza wako, si ya mashine.

Safu ya kwanza nilidhani ni rahisi, nikaandika boda boda nikaweka kalamu chini. Akaniangalia tu. Nikaongeza bodaboda ikiwa neno moja. Halafu boda-boda na kistari katikati, maana kila mhariri anaandika anavyotaka. Halafu akauliza, Mnigeria anaitaje? Okada. Cameroon? Bendskin. Benin na Togo? Zémidjan. Wazungu wanaoandika kwa ujumla? "Motorcycle taxi", na wengine "commercial motorcycle", na wahandisi wa barabara wanaandika "two-wheeler" kana kwamba pikipiki haina jina. Nilibaki nacheka. Miaka miwili nimeiendesha na sikujua ina majina yote hayo. Tena ukiandika boda peke yake unakutana na jambo lingine, kuna watu Ulaya jina lao la ukoo ni Boda, wameandika makala zao za hospitali huko, wote wanakuja.

Safu ya tatu nayo ilikuwa na shimo lake. Mwanzoni nilitaka kulinganisha Kampala na Jinja, nikaandika Jinja kwenye databesi ya masomo yote, ile inayochanganya kila fani, zikaja makala za kompyuta, nashangaa. Kumbe kuna kifaa cha waandika programu wanaotumia Python kinaitwa Jinja, na wenyewe wamelitoa jina kwenye neno la Kijapani la hekalu, kwa hiyo mji wetu wa chanzo cha Nile umebanwa katikati ya programu za kompyuta na mahekalu ya Japani. Dawa yake ni kuiambia databesi itafute kwenye kichwa na ikisiri peke yake, kuna kamenyu pembeni ya kisanduku kanakokuuliza utafute wapi, wengi hatukagusi, na kuunganisha na neno Uganda.

Kuunganisha, hapo ndipo lugha yetu wenyewe inatuponza, na hili sijaona mwalimu analisema. Ukienda kibandani ukasema niletee posho na maharage (posho kwetu ni ugali), sahani inaongezeka. "Na" ni ya kuongeza. Ukiambiwa chai au soda, unachukua moja, "au" inapunguza. Kwenye databesi ni kinyume kabisa. AND, yani "na", inapunguza, kwa sababu unadai makala iwe na hiki na hiki kwa pamoja, na kila sharti unaloongeza linafukuza watu. OR, yani "au", inaongeza, kwa sababu unasema yeyote kati ya hawa aingie. Mimi nilikuwa naweka AND kati ya boda boda na okada na motorcycle taxi nikidhani najaza kikapu, kumbe natafuta mtu mmoja aliyeyatumia majina yote kwenye makala moja. Ndani ya safu moja ni OR. Kati ya safu na safu ni AND. Na kila safu uifunge kwenye mabano yake, la sivyo mashine inachanganya, PubMed kwa mfano, databesi ya makala za tiba, inasoma kutoka kushoto kwenda kulia tu na mabano ndiyo yanaiambia ianzie wapi. Halafu AND, OR na NOT uziandike kwa herufi kubwa, PubMed ndivyo inavyotaka, na hata pale isipolazimu haikuumizi.

Mama aliniambia haya mambo yanaitwa kwa jina la mwanahisabati Mwingereza George Boole, aliyekuwa anafundisha Cork kule Ireland. Siku moja alitembea kwenye mvua kwenda darasani, akafundisha na nguo zile zile zimelowa, akapata homa ya mapafu akafa, 1864. Nilijiuliza kama kulikuwa na boda.

Alama za kufunga na kufungua usemi. Ukiandika boda boda bila hizo, databesi nyingi zinachukua neno moja moja, ukiyafunga pamoja, "motorcycle taxi", inajua hawa ni mtu na ndugu yake wasitenganishwe. Hilo halina maneno mengi.

Nyota ndiyo yenye hadithi. Ukiweka nyota mwishoni mwa shina la neno, mashine inakuletea mikia yote, motorcycl* inaleta motorcycle na motorcycles na motorcyclist, injur* inaleta injury na injured na injuries. Nilipojifunza hii nikajiona fundi, nikaanza kukata maneno kama mtu anayekata miwa, na kwa ujanja wangu nikaikata helmet nikaandika helm*, AND Uganda. Majibu yakamwagika. Nikampigia jamaa yangu simu nikamwambia bana nimepata, kuna makala kibao za Uganda. Nikafungua ya kwanza: minyoo. Ya pili: minyoo ya watoto wa shule. Ya tatu: dawa ya minyoo kwa wajawazito. Helminth! Shina ni lile lile, helm, na Uganda utafiti wa minyoo umeandikwa vizuri sana, hongera kwao, lakini mimi nilikuwa natafuta kofia. Tangu siku hiyo kabla sijaweka nyota najiuliza ni nani mwingine anaishi kwenye hilo shina. PubMed inataka herufi angalau nne kabla ya nyota, na helm ni nne kamili, yani sheria sikuivunja, akili tu ndio haikuwepo. Na Google Scholar nyota haiijui hata kidogo.

NOT niliitumia mara moja ikanitosha. Nilichoka kuona makala za Kenya, nikaandika NOT Kenya. Kurasa zikapungua, safi. Baada ya mwezi mzima nagundua kwamba kuna utafiti uliofanyika kwenye nchi mbili pamoja, Uganda na Kenya, na mimi nilikuwa nimeufukuza mlangoni kwa sababu una neno Kenya kwenye ikisiri, sasa mtu wa Busia anafukuzaje Kenya, nusu ya wateja wangu walikuwa wanatoka ng'ambo ile. Bora usome vichwa hamsini vya ziada kwa macho yako kuliko kuiachia mashine ifukuze.

Kuna kitu kingine kilichonichukua muda, nacho ni lebo. PubMed, ambayo ni ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani na ni bure kwa mtu yeyote, ina rekodi zaidi ya milioni 35, na nyingi zina lebo rasmi zinaitwa MeSH. Zamani watu ndio walikuwa wanasoma makala na kuzibandika, tangu 2022 kompyuta ndiyo inabandika na watu wanakagua. Faida yake ni hii, mwandishi mmoja ameandika helmet, mwingine crash helmet, mwingine head gear, lakini lebo ni moja. Na lebo yenyewe huwezi kuibuni ukiwa umekaa steji: helmeti huko inaitwa "Head Protective Devices". Ajali ya barabarani inaitwa "Accidents, Traffic", imegeuzwa nyuma mbele kama jina kwenye rejista ya shule. Kuumia kichwa ni "Craniocerebral Trauma". Namna ya kuzipata bila kukariri ni rahisi, tafuta makala moja tu unayoipenda, nenda chini kabisa ya ukurasa wake, lebo zimepangwa pale, zichukue. Ila usitegemee lebo peke yake, makala iliyoingia juzi inaweza kuwa haijabandikwa bado, kwa hiyo lebo na maneno ya kawaida viwekwe safu moja na OR katikati.

Na ukitaka kujua mashine imekuelewaje, PubMed ina ukurasa wa Advanced, huko kuna historia ya kila ulichotafuta, namba moja, namba mbili, na ukifungua maelezo unaona sentensi yako imetafsiriwa kuwa nini. Mimi siku hizi natafuta safu moja moja, naona kila moja imeleta ngapi, halafu naunganisha kwa namba tu, #1 AND #2 AND #3. Safu ikileta sifuri peke yake ujue kuna herufi umekosea, na mimi niliwahi kupoteza jioni nzima kwa sababu nimeandika "motocycle". Jioni nzima.

Filta ni rafiki anayeweza kukuuza. Kuna kile kitiki cha full text, kila mwanafunzi anakibonyeza kwanza, anasema nisionyeshwe kitu nisichoweza kukisoma. Inaonekana akili, lakini inaficha makala ambazo maktaba yako inazo kupitia mlango mwingine, na zile ambazo zipo bure sehemu nyingine. Mimi nakiacha wazi, kwanza nijue kipo, kukipata ni kazi ya pili. Na ile ya miaka mitano ya mwisho, sijui nani alituambia ni sheria. Kanuni za kuvaa helmeti Uganda ni za 2004, nikifilta miaka mitano nitajuaje watu walikuwa wanasema nini zilipotoka? Filta ya makala zilizopitiwa na wataalamu naiacha iwashwe, ingawa barua za wasomaji na tahariri bado zinapenya humo, kwa hiyo macho lazima.

Haya, umeipata makala, umebonyeza, ukurasa unakuambia lipa dola thelathini na kitu. Mara ya kwanza nilihesabu kwa shilingi nikaona ni hela ya chakula cha wiki kadhaa, na ni kweli nilifikiria kumkopa kaka yangu. Mama wa maktaba alikasirika niliposema hivyo, ni mara ya pekee nilimwona amekasirika. Akasema hiyo bei si yako, hiyo ni ya mtu asiye na maktaba. Databesi inakutambua kwa anwani ya netiweki ya chuo, ukiwa hosteli na bando yako wewe ni mpita njia kama wengine, lazima uingie kupitia ukurasa wa maktaba na passwadi yako ndio milango ifunguke. Halafu kuna Research4Life, ndani yake Hinari ya Shirika la Afya Duniani, ilianza 2002, na taasisi za nchi kama yetu zinaingia bila kulipa, passwadi wanayo maktaba, ni ya kuomba tu. Makala nyingine ziko bure kabisa PubMed Central. Na za majarida ya Afrika ziko AJOL, ambao walianza 1998 na sasa wapo Afrika Kusini, huko ndiko nilikoipata ile Afrika ya kalamu nyekundu, likiwemo jarida la African Health Sciences ambalo linachapishwa hapa hapa Makerere, nimekaa nalo mji mmoja nikilitafuta Australia. Moja ilinishinda kila mlango, nikamwandikia mwandishi mwenyewe imeili ya mistari minne, siku mbili akanitumia na kuniuliza steji za Busia zinaendeleaje.

Msinakili linki kutoka kwenye upau wa juu. Tafadhali. Nilitafuta kutwa nzima kwenye databesi moja, nikanakili anwani ishirini nikaziweka kwenye daftari la simu, umeme ukakatika, kesho yake nazifungua zote zinasema muda wako umekwisha. Ile anwani ni ya ziara yako, si ya makala. Kwenye makala kuna kibonyezo cha linki ya kudumu, ndiyo ya kunakili, au namba ya DOI, yani kitambulisho cha makala yenyewe, hiyo haihami. Sasa hivi usiku natumia simu kusoma ikisiri tu, hazili data, nahifadhi rekodi kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, PDF nashusha siku ya kwenda chuo kwenye waifai.

Na ukipata makala moja nzuri kweli, acha kisanduku, fuata ukoo wake. Baba na babu zake wako kwenye marejeo mwishoni. Watoto wake wako Google Scholar, chini ya jina lake kuna maneno Cited by, bonyeza. Nusu ya makala nilizotumia sikuzitafuta, nimefika kwao kwa kutambulishwa. Takwimu za ajali zenyewe hazikuwa kwenye databesi yoyote, ni ripoti ya polisi ya kila mwaka, ya 2023 inasema watu 4,806 walikufa barabarani nchini, hiyo unaenda kuichukua kwa wenyewe.

Karatasi ya Mama niliitunza, imekunjwa mpaka imetoboka. Nilibaki na makala arobaini na moja, kumi na moja za Uganda, nikaandika sura upya. Supavaiza akairudisha. Nyekundu ilikuwa kidogo, ila ukurasa wa tisa akaandika: na abiria je? Kweli, nilikuwa nimeandika dereva tu, kana kwamba nyuma hapakai mtu.

Nikarudi kwenye kisanduku, nikaweka passenger* kwenye safu mpya, nikaunganisha na zile nyingine. Zikaja chache, nyingi za mabasi na taksi. Nikakaa. Nikaanza kupitia zile ikisiri nilizokwisha kuhifadhi, nikitafuta tu wenzangu wanamwitaje yule mtu wa nyuma, na kwenye moja ya kutoka Vietnam nikaliona neno ambalo nilishalipita mara tatu nikidhani ni mto wa kulalia limekosewa herufi. Pillion. Nikaandika pillion*, nikabonyeza, ukurasa ukajaa.